Je, Kung-fu Yafaa Kitu Ulingoni?

Muhula huu mzima, mabwenini na katika foleni ya chakula, nimesikia mabishano yasiyokwisha juu ya kung-fu ya Kichina. Upande mmoja wako wenzetu wasemao kwamba mtu aliyefundishwa na mwalimu wa kweli aweza kumwangusha bondia yeyote kwa pigo moja la kidole. Upande wa pili wako wale ambao wakati wa likizo wameona katika simu za kaka zao picha za walimu wa Kichina wakiangushwa kwa nusu dakika, nao husema kwamba kung-fu ni ngoma tu na mambo ya sinema. Kila upande huucheka mwenziwe, na mwisho wake huwa ni kelele. Nimeona yafaa neno hili lizungumzwe kwa utulivu katika gazeti letu, kwa sababu vijana wengi hutoa fedha na jioni zao kujifunza michezo hii, na wazazi wana haki ya kujua wanacholipia.

Rai yangu naiweka wazi tangu mwanzo, ili msomaji asipate taabu kuitafuta. Mapigo mengi ya kale ya Kichina ni ya kweli, nayo yamethibitika ulingoni. Lakini pigo halimfai mtu kwa sababu ya ukale wake, wala kwa jina la yule aliyelibuni. Humfaa kwa kadiri alivyolizoea mbele ya mtu anayekataa kupigwa. Anayejifunza peke yake, au pamoja na mwenzake anayemkubalia kila jambo, pengine amejifunza kitu kizuri, lakini hajajifunza kupigana.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kung-fu si mchezo mmoja. Ni mitindo mingi sana, na kila mmoja una mapokeo yake. Wing Chun, mtindo wa kusini mwa China, hupenda kusogea karibu na kutupa ngumi fupi za mfululizo. Tai chi hujulikana kwa mwendo wake wa polepole. Shuai jiao ni mieleka ya kushikana nguo na kuangushana. Katika mitindo mingi mwanafunzi hutumia muda mrefu akirudia mfululizo wa mapigo uliopangwa tangu zamani, ambao Wachina wauita taolu. Na nisemapo mapigano ya kweli nakusudia yale ambamo kila mmoja ana ruhusa ya kumpiga au kumwangusha mwenziwe kwa nguvu zake zote, chini ya mwamuzi, mpaka mmoja ashindwe au muda uishe.

Wako wanaodhani kwamba swali hili lilizushwa na Wazungu ili kuwadharau Wachina. Sivyo hata kidogo. Wachina wenyewe waliliuliza mapema. Mwaka 1928 serikali ya China iliyokuwa na makao yake Nanjing ilianzisha Taasisi Kuu ya Guoshu, maana yake sanaa ya taifa, chini ya Jenerali Zhang Zhijiang. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ukafanywa mtihani wa taifa. Wachezaji walitakiwa waonyeshe ustadi wa mitindo yao, na tena wapigane wao kwa wao. Waliojeruhiwa walikuwa wengi. Basi hata siku hizo walikuwako watu wenye hekima walioona kwamba haitoshi mtu kusifiwa kwa mkao wake mzuri, sharti apimwe.

Pambano jingine lililosemwa sana ni lile la Macau, tarehe 17 Januari, 1954. Wu Gongyi, mkuu wa tai chi ya ukoo wa Wu, alikutana na Chan Hak Fu wa mtindo wa Korongo Mweupe. Fedha zilizokusanywa zilikusudiwa kuwasaidia watu walioteketea nyumba zao katika moto wa Shek Kip Mei, Hong Kong, siku ya Krismasi ya mwaka 1953. Walimu wote wawili walikuwa na sifa kubwa, na watazamaji walitazamia maajabu. Waamuzi wakalisimamisha pambano katika raundi ya pili bila kumtaja mshindi. Picha zake zingalipo, na kila mtu aweza kuzitazama. Ndani yake huoni ile mikao mizuri ya vitabuni. Waona watu wawili wakirusha mikono kwa haraka na kurudi nyuma, kama wafanyavyo watu wote waliokabiliwa na ngumi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Lakini tazama yaliyofuata. Siku tatu tu baadaye gazeti moja la Hong Kong likaanza kuchapa hadithi ya Liang Yusheng juu ya mabingwa wa zamani, na watu wakaipenda mno. Hadithi za namna hiyo zikastawi, na sinema zikafuata. Pambano lenyewe lilikuwa fupi na la kawaida. Hadithi ndizo zilizokua. Katika miaka ya 1970 sinema za kung-fu zilifika mpaka pwani yetu, na vijana wa Dar es Salaam na Zanzibar wakajaa katika majumba ya sinema kumtazama Bruce Lee. Wengi wetu tunaobishana leo tumerithi imani zetu kwa baba na wajomba waliotoka katika majumba hayo wakirusha mateke barabarani.

Basi na tumtazame huyo Bruce Lee mwenyewe, kwa maana habari yake hufundisha kuliko sinema zake. Alijifunza Wing Chun kwa Ip Man huko Hong Kong. Mwaka 1964, mjini Oakland, Marekani, alipigana na mwalimu mwenziwe Wong Jack Man, mlango ukiwa umefungwa. Wasimulizi hawakupatana juu ya muda wala matokeo ya pambano hilo. Linalojulikana ni kwamba Bruce Lee hakuridhika na nafsi yake: aliona kwamba lilichukua muda mrefu kuliko ilivyopasa, na kwamba pumzi zilimwishia. Mtu mwingine angalitafuta kisingizio. Yeye alianza kukimbia na kujenga mwili, akachunguza masumbwi na mchezo wa vitara, akafanya mazoezi ya kupigana kwa glavu na kinga za mwili, na mwaka 1967 akaiita njia yake Jeet Kune Do. Huyu ndiye vijana wanayemtaja kuwa shahidi wa siri za kale, naye maisha yake yote aliwaambia watu wazijaribu hizo siri, na isiyofaa waiache.

Sasa nije katika zile picha za simu. Mwezi wa Aprili 2017, mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mwalimu wa mapigano ya mchanganyiko, alipambana na Wei Lei, mwalimu wa tai chi. Wei Lei alikuwa ameonyeshwa katika televisheni ya taifa ya China akiwa na njiwa katika kiganja chake, ambaye ilisemwa hakuweza kuruka kwa sababu ya uwezo wa mwalimu. Pambano halikutimiza nusu dakika. Xu alimsogelea, akampiga, akamwangusha, na mwamuzi akaingilia. Watu wengi wa China walikasirika, si kwa Wei Lei, bali kwa Xu. Chama cha wushu cha nchi hiyo kilililaumu pambano lile, na tajiri mmoja akaahidi yuan milioni 10 kwa atakayemshinda. Halafu, Mei 17, 2020, katika mkoa wa Shandong, Ma Baoguo, mwalimu wa tai chi mwenye umri wa miaka 69, aliangushwa mara tatu katika muda wa nusu dakika na mtu wa makamo aliyekuwa na mazoezi ya ulingoni.

Hapa nawaomba wale wanaoicheka kung-fu wasifanye haraka. Kumwangusha mzee wa miaka 69 hakuthibitishi kwamba mtindo wake ni bure. Hata bingwa wa masumbwi wa zamani angeanguka katika umri huo. Wala Wei Lei hakuchaguliwa na Wachina wote awe mjumbe wao. Nionalo mimi katika picha hizo ni dogo zaidi, lakini ni la hakika. Wote wawili walionekana kushangaa. Ngumi ilipokuja hawakujua umbali wake wala wakati wake. Mikono yao ilikuwa chini na kidevu juu. Yaonekana kwamba kwa miaka mingi walikuwa wamezungukwa na wanafunzi walioanguka kwa heshima.

Kwa nini huwa hivyo? Tuchukue mifano miwili. Katika mitindo mingi mwanafunzi hupiga ngumi moja huku akiuvuta mkono wa pili mpaka kiunoni. Jambo hilo hupendeza macho na hufundisha kuzungusha nyonga. Lakini mbele ya mtu mwenye ngumi za haraka, mkono ulio kiunoni hauwezi kulinda kidevu. Mfano wa pili ni zoezi la Wing Chun liitwalo mikono ya kunata, ambamo watu wawili hugusanisha mikono na kila mmoja husikiliza nguvu ya mwenziwe. Ni zoezi zuri la wepesi. Lakini bondia hakuachii mkono uuguse. Huutupa na kuurudisha kabla hujausikiliza. Kosa haliko katika zoezi. Liko kwa yule aliyeishia hapo, akadhani kwamba mwenziwe wa zoezi ni sawasawa na adui.

Kama kosa lingekuwa katika mapigo yenyewe, basi kila Mchina apandaye ulingoni angeshindwa, na sivyo ilivyo. Tangu mwaka 1979 Wachina walianza kujaribu mchezo uitwao sanda, wakitwaa ngumi, mateke na miangusho ya mitindo yao ya kale na kuitia katika mapigano yenye glavu na kinga. Mchezaji wa sanda hujifunza kulidaka teke la mwenziwe na kumwangusha papo hapo. Hujifunza teke la ubavu na ngwala. Mambo haya yote yamo katika kung-fu ya zamani. Tofauti ni kwamba kila siku huyajaribu juu ya mtu ambaye naye anataka kumwangusha.

Matunda yake yanajulikana. Cung Le, Mmarekani mzaliwa wa Vietnam aliyekulia katika mieleka ya shule na sanda, alipambana na bingwa Frank Shamrock tarehe 29 Machi, 2008, huko San Jose. Mateke yake yalimvunja Shamrock mfupa wa mkono aliokuwa akijikingia, na pambano likaisha. Zhang Weili, binti wa mkoa wa Hebei, alianza sanaa za mapigano utotoni, akapita katika sanda, kisha akaongeza mieleka ya chini. Agosti 31, 2019, mjini Shenzhen, alimshinda Jéssica Andrade wa Brazil kwa sekunde 42, akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa UFC. Muslim Salikhov wa Dagestan, bingwa wa dunia wa sanda, alimwangusha mpinzani wake Macau mwezi wa Novemba 2024 kwa teke la kuzunguka, lile lile ambalo wenzetu husema ni la sinema tu. Na tusiisahau shuai jiao. Mieleka hiyo haikuhitaji kufufuliwa, kwa kuwa haikuacha hata siku moja kushindanisha watu. Bingwa wake mkubwa, Chang Tung-sheng, alishinda katika mashindano ya taifa ya Nanjing mwaka 1933 akitumia miangusho aliyofundishwa na wazee wake.

Najua jibu litakalotolewa: "Mapigo ya kweli ya kung-fu ni ya kuua; ndiyo maana hayaruhusiwi ulingoni." Jibu hili nimelisikia mara nyingi, na wasemao hudhani limefunga mjadala. Lakini tulipime. Mashindano ya kwanza ya UFC, yaliyofanywa Denver tarehe 12 Novemba, 1993, yaliruhusu mambo mengi yaliyokatazwa leo, hata kupiga kichwa kwa kichwa na kuvuta nywele. Aliyeshinda alikuwa Royce Gracie, kijana mwembamba wa Brazil, kwa kuwaangusha watu na kuwakaba mpaka wakasalimu amri. Tena, mtu asiyeweza kukigusa kidevu cha bondia kwa ngumi nzima, atakipataje kijicho chake kwa ncha ya kidole?

Mjapani Kano Jigoro alilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1882 alipoanzisha judo, aliyatenga mapigo ya hatari yabaki katika mazoezi yaliyopangwa, na yale yaliyosalia akawaambia wanafunzi wake wayafanye kwa nguvu zote, kila siku, juu ya mwenzao anayekataa. Wakubwa wa mitindo ya zamani waliweza kudhani kwamba ameutoa mchezo meno. Kumbe wanafunzi wake, kwa kuangushana mara elfu, walijua kuangusha. Na wale waliolinda siri ya kuua hawakupata nafasi hata moja ya kuizoea.

Pengine msomaji atauliza, haya yote yatuhusu nini sisi tulio na mitihani mbele yetu? Yatuhusu. Mtaani kwetu yuko kijana fundi wa baiskeli, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akilipa ada kila mwezi kwa mwalimu mmoja. Alifundishwa namna ya kumpokonya mwizi kisu. Mwenziwe wa zoezi hunyoosha mkono wenye kisu cha mti na kusimama. Naye humshika kiwiko, humzungusha, na kisu huanguka. Alilifanya zoezi hilo mara nyingi, na likawa zuri mno kulitazama. Usiku mmoja kibaka alimtokea kwa kisu kweli kweli. Badala ya kumpa baiskeli aende zake, alisimama. Kibaka hakunyoosha mkono na kungoja. Alichoma akarudisha, akachoma akarudisha. Kijana alipona, Mungu ashukuriwe, lakini vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena, naye ni mtu aliyekuwa akila kwa mikono hiyo. Sidhani kwamba mwalimu wake alikuwa mwongo wa makusudi. Bila shaka naye alifundishwa vivyo hivyo. Lakini ada zilipokewa, na aliyelipa gharama ya mwisho ni mwanafunzi.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wenzetu wanaotaka shule ipige marufuku michezo hii, wala sikubaliani na wanaotaka iachwe iendelee kama ilivyo. Nina mapendekezo yangu, nayo nayaweka mbele ya walimu na wazazi kwa heshima.

Kila anayefundisha aseme wazi anafundisha nini. Kama ni afya, nidhamu na uzuri wa mwili, hilo ni jambo la thamani wala halihitaji kujificha nyuma ya majigambo. Tai chi huwasaidia wazee kusimama imara na kutoanguka ovyo, na mwaka ule ule wa 2020 alioangushwa Ma Baoguo, UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi za wanadamu. Mtoto akifurahia taolu kama wengine wanavyofurahia ngoma au sarakasi, na afurahie. Asiambiwe tu kwamba sasa aweza kumkabili mwenye panga.

Kama mwalimu asema anafundisha kujihami, basi pawe na kujaribiana, kwa kipimo cha umri wetu. Sisemi tupigane ngumi za kichwa. Ubongo wa kijana ni mali isiyonunulika, na kofia ya kinga haiuzuii kutikisika. Tuanze na kushikana na kuangushana juu ya magodoro, kama ilivyo katika judo na shuai jiao. Hapo mwanafunzi atajua mara moja kama mwangusho wake wafaa, kwa sababu mwenziwe ataanguka au hataanguka, na hapana hotuba itakayobadili jambo hilo. Mwalimu mwenyewe aingie godoroni pamoja na wanafunzi wake. Hata akiangushwa siku moja na kijana wa Kidato cha Nne, heshima yake haitapungua kwetu. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Tena somo la kwanza la kujihami liwe kukimbia, na la pili liwe kumpa mwizi anachotaka. Masomo hayo mawili hayana jina la Kichina, lakini yangaliviokoa vidole vya yule fundi.

Basi wenzangu, atakapokuja mtu na habari ya pigo la siri, msimcheke, wala msimpigie makofi. Huenda pigo lake ni la kweli. Mwulizeni kwa adabu: umelijaribu kwa nani, na je, yeye alikuwa akikataa?

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano